Sentensi Mbele ya Bukari

Katika nyumba ya Banza, hakuna mtoto aliyekula jioni kabla ya kutoa sentensi. Bukari, yaani ugali, ilikuwa mezani ikitoa moshi, sombe ya majani ya mihogo pembeni yake, samaki wa Bukama siku ambazo alipatikana, na mikono yote ilikuwa imeoshwa. Lakini kwanza mtoto asimame nyuma ya kiti chake, aseme sentensi moja ya Kifaransa toka mwanzo mpaka nukta. Ikiwa safi, anakaa na kula. Ikiwa na kosa, inarudishwa, inanyooshwa, inasemwa upya, na bukari inapoa. Habari hii ni kwa nyumba zote zenye meza ya namna ile, maana ziko nyingi, na wazazi wake ni watu wazuri.

Nicodème Banza alikuwa karani ku gare, stesheni ya treni ya Kamina. Kazini walimwita citoyen, raia Banza, kama ilivyokuwa lazima miaka ile ya Zaïre majina ya Kikristo yalipokatazwa; Nicodème lilikuwa jina la nyumbani na la kanisani. Alikuwa na kitabu cha sarufi kilichopoteza jalada, akakishona mgongoni kwa uzi wa kuvulia samaki. Alisema lugha ni kama treni: bila reli inaenda wapi? Watu wanaoongea Kifaransa cha kuokota barabarani, kwake yeye walikuwa wanapiga kelele tu porini. Yeye mwenyewe, chefu mmoja, mkubwa wake wa kazi, aliwahi kumcheka mbele ya wafanyakazi kwa sababu ya kosa moja, na hakutaka watoto wake wachekwe.

Tumaini lake kubwa lilikuwa Mputu, binti yake wa pili. Mwisho wa mwaka wa masomo Mputu angekwenda mbele ya masista wa lise, shule ya sekondari ya wasichana, nao wangemuuliza maswali kwa Kifaransa. Anayejibu vizuri anaingia. Anayebabaika anarudi kwao kumenya mihogo.

Sentensi haikuombwa kuwa ya kweli. Kitabu chenyewe kilikuwa hivyo: mkulima anauza ng'ombe wa jirani, mbwa anamuuma mwizi, theluji inaanguka juu ya kanisa. Esdras, mtoto wa kwanza, alijua mchezo huo kuliko wote. Siku moja alisimama akasema kwamba shangazi yake amekula gare. Baba akafumba macho, akaisikiliza sentensi viungo vyake vyote, akaona kila kimoja kiko mahali pake.

"Bien," akasema. "Kaa."

Mama yao, Ngoie, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Esdras, alisoma shule ya msingi kwa Kiluba na Kiswahili, akaolewa. Kwenye meza ile alikuwa na masikio lakini hakuwa na habari. Alipakua, akaketi kwenye kiti kifupi karibu na mbabula ya makaa, akawaangalia midomo. Walipocheka, naye alicheka, nyuma yao kidogo, kama mtu anayefika kwenye sherehe watu wakiwa wameanza kuondoka.

*

Mama Esdras alikuwa amekataza watoto wake kuvuka reli na kwenda kucheza kambini kwa askari. Alisema kule kuna chupa zilizovunjika, kuna ulevi, kuna watoto waliotoka pande zote za nchi, hujui mama zao wamewafundisha nini. Aliyevuka angepata fimbo.

Hata hivyo na yeye alikuwa na rafiki wa kambi. Mama Bolingo, mke wa kaporali, mtu wa mkoa wa Équateur, aliuza mikate ya mafuta sokoni. Kiswahili alikiokota pale pale kwenye meza ya mikate, vipande vipande, akakichanganya na Kilingala chake. Wauzaji wenzake walimtania.

"Mama Bolingo, Kiswahili yako iko inatembea na muguu moja."

"Ata na muguu moja, imefika ku soko," alijibu, huku akifunga mikate. "Weye na miguu yako mbili, umeuza ngapi?"

Mputu alimjua mtoto wa Mama Bolingo, Bokungu, kijana mdogo asiyekuwa na meno ya mbele. Alivuka reli mara nyingi kwenda kwao, akajifunza Kilingala kwa kuruka kamba. Hakuna aliyemnyoosha kule. Akikosea walicheka, akacheka nao, kamba ikaendelea kuzunguka.

Mwisho wa mvua, mbwa mmoja mwekundu wa kambini, aliyekuwa akizunguka na mate mdomoni, aliingia katikati ya michezo yao. Akamuuma Bokungu mkono. Mputu alipomvuta mwenzake, mbwa akamgeukia, akamuuma juu ya kisigino, akaenda zake. Jeraha halikuwa kubwa. Mputu aliosha damu kwenye bomba la kambi, akarudi nyumbani kwa njia ya kuokotea kuni, na kifungu kidogo cha kuni kichwani ili aaminike.

Mama akaona.

"Njo nini hii ku muguu?"

"Kisiki, mama. Kule kwa kuni."

"Kisiki gani iko na meno mbili?" akasema mama kwa mzaha, akampaka mafuta ya mawese na chumvi, akaendelea na sombe yake.

Jioni nzima Mputu alifikiri. Kumwambia mama kwa Kiswahili ni fimbo. Kutomwambia mtu yeyote kulimtia hofu, maana mguu ulikuwa unawaka. Ndipo alipokumbuka meza. Kwenye meza ya Kifaransa mtoto anaweza kusema lolote. Hakuna aliyewahi kupigwa kwa alichosema pale; alinyooshwa tu namna ya kusema. Tena mama hasikii Kifaransa, baba anasikia. Basi atamwambia baba, pale pale, mbele ya watu wote.

Zamu yake ilipofika alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Akasema kwa Kifaransa kwamba leo mbwa wa kambini amemuuma mguu.

Banza alikuwa amefumba macho. Neno moja lilikuwa limekaa vibaya. Akalisogeza, akamwambia arudie. Mputu akarudia. Baba, kama kawaida yake sentensi ilipompendeza, akataka ipelekwe kwa nafsi zote, toka mimi mpaka wao. Mputu akaipeleka: mbwa amekuuma wewe, mbwa amemuuma yeye, mbwa ametuuma sisi.

"Hii imbwa iko na kinywa ya mamba," akasema Esdras, na baba akacheka mpaka mabega yakatikisika.

"Bien, Mputu. Sentensi ya nguvu. Mama Esdras, mupatie kichwa ya samaki."

Kichwa cha samaki kilikuwa cha baba siku zote. Mama alikitoa kwenye sufuria kwa furaha, akakiweka kwenye sahani ya binti yake, akauliza amesema nini kizuri hivyo.

"Maneno ya kitabu," Banza akasema.

Mputu alikula kichwa chote, akanyonya na mifupa. Kwa Kiswahili alikuwa amedanganya, kwa Kifaransa alikuwa amesema kweli, na aliyesikia kweli ile hakumpiga. Kwa hiyo si jambo la kuogopa. Usiku ule alilala vizuri.

*

Jeraha likapona. Kiangazi kikaingia, vumbi la njia ya reli likapanda juu ya majani. Asubuhi moja mahali pa Mama Bolingo sokoni palikuwa patupu. Wanawake walisema mtoto wake anaumwa, si malaria, ni kitu kingine. Wanamletea maji, anapiga makelele. Anaona kikombe, koo inajifunga.

Kabla ya siku ya soko iliyofuata, Bokungu alikuwa amezikwa.

Mchana ule milio ya bunduki ilisikika upande wa pili wa reli, na watu wa mtaa wakaingia nyumbani wakidhani ni vita imerudi. Walikuwa askari wanaua mbwa. Kisha munganga Mukendi, muuguzi wa dispanseri ya kambi, akapita na baiskeli, bomba la bati la kukuzia sauti mdomoni, akitangaza: mtu yeyote aliyeumwa na mbwa toka wakati wa mvua aje, mkubwa ao mdogo, ata kama jeraha ilishapona. Hasa kama ilishapona.

Mama Esdras aliwaita watoto wake ndani, akawapanga ukutani, akawaambia waonyeshe mikono na miguu. Alipofika kwa Mputu alichuchumaa. Juu ya kisigino palikuwa na alama mbili nyeupe, ndogo, jirani.

"Mputu. Ile kisiki."

Mtoto akaficha mguu ule nyuma ya mwingine.

"Minyi, mama yako, nakuuliza. Ile kisiki ilikuwa wapi?"

"Nilishamwambia baba," Mputu akasema.

Banza alikuwa mlangoni, anavua kofia ya kazi. Akauliza ameambiwa nini, na siku gani. Mputu akasema ku meza. Baba akapandisha sauti: ku meza gani, mbona anamsingizia, mtoto huyu hajawahi kumwambia habari ya mbwa hata siku moja.

Mputu hakubishana. Alikwenda nyuma ya kiti chake, akashika mgongo wa kiti kwa mikono miwili kama alivyozoea, akasema ile sentensi. Aliisema yote, na lile neno aliliweka mahali ambapo baba yake aliliweka, kwa sababu alikuwa amefundishwa vizuri. Haikuwa na kosa hata moja.

Banza aliijua. Alilijua hata lile neno. Kofia ilimtoka mkononi ikaanguka, hakuiokota.

"Anasema nini?" mama akauliza. Akamgeukia mume wake. "Banza, mutoto anasema nini?"

Ikambidi atafsiri. Katika nyumba ile alikuwa hajatafsiri hata mara moja. Aliona kutafsiri ni uvivu.

"Anasema imbwa ya kambi ilimuuma."

"Anasema sasa?"

"Alisema siku ya kichwa ya samaki."

Mama Esdras hakupiga kelele. Alisimama, akajifunga kitenge juu ya kingine, akamshika binti yake mkono. Alipofika mlangoni alisema, bila kumwangalia mume wake:

"Na minyi nilimupa ile kichwa na mukono yangu. Nilifurahi."

*

Dispanseri ya kambi ilikuwa na daktari mmoja, kapteni, mtu wa Kinshasa, wa Kifaransa na Kilingala, asiyejua Kiswahili wala kutaka kukijua. Banza aliwafuata nyuma, wakamkuta akifunga mlango. Banza akavuta pumzi, akaanza kama mtu anayeandika barua kwa mkubwa: ana heshima ya kumwarifu Bwana Daktari kwamba. Na hapo, baada ya kwamba, alitaka kuweka kila kitu kwa utaratibu: mbwa yupi, wakati gani, kwa nini wamechelewa. Sentensi ikarefuka. Aliona kosa mbele yake, akarudi nyuma, akaanza upya na heshima ya kumwarifu. Jasho lilikuwa linamtoka. Daktari akatazama saa.

Munganga Mukendi akasema kwa sauti ya chini kwamba labda mtoto ameumwa. Daktari akauliza kama baba ni askari. Si askari, ni karani wa gare. Basi, akasema daktari, dawa iliyokuja na treni ya Lubumbashi ni ya familia za kambi. Raia waende hospitali ya mji waagize. Itachukua siku zake.

Banza alifungua mdomo. Kitabu kizima kilikuwa kichwani mwake na hakuna ukurasa uliofunguka.

Pembeni ya ukuta, juu ya mkeka, Mama Bolingo alikuwa ameketi, amenyoa nywele kwa msiba, amekuja kuchukua blanketi la mtoto wake. Alimwona Mputu. Akasimama taratibu, akaja mpaka mbele ya daktari, akainama, akainua mguu wa Mputu kama mtu anavyoinua mguu wa mbuzi sokoni, alama mbili zikaonekana.

"Docteur," akasema. "Imbwa moja. Batoto babili. Moja anakufa. Moja, huyu."

Maneno yalikuwa nusu Kiswahili, nusu Kilingala, yameshikana vibaya, na hakuna aliyehitaji kuyanyoosha.

"Shindano ya dawa ya Bokungu iko wapi?" Mama Bolingo akauliza. "Yeye hapana kupata. Pesa huyu, mupatie. Huyu njo mwana na ngai, mwana yangu sasa."

Daktari alimtazama, kisha akatazama chini. Akamwambia Mukendi afungue sanduku.

*

Sindano zilikuwa za tumboni, kila siku moja, na tumbo la Mputu lilivimba kama ngozi ya ngoma. Banza alimpeleka kila asubuhi kwa baiskeli kabla ya kazi. Kwenye kizuizi cha kambi askari alimuuliza kwa Kilingala anakwenda wapi, na karani aliyejua sarufi yote ya Kifaransa akabaki anatabasamu kama mtoto wa darasa la kwanza. Mputu, kutoka nyuma ya baiskeli, akajibu. Siku ya pili baba alijaribu mwenyewe maneno matatu aliyoyasikia kwake. Askari akacheka mpaka akaegemea mti wa kizuizi.

"Nani alikufundisha, papa?"

"Mutoto wangu," Banza akasema, na kizuizi kikafunguliwa.

Siku ya masista wa lise ilipita hivyo hivyo. Mputu alikuwa kwenye benchi la dispanseri, ameinua blauzi.

Munganga Mukendi hakumficha mama ukweli. Alisema kichaa cha mbwa kinapanda polepole toka jeraha mpaka kichwani, na dawa imechelewa, lakini mguu uko mbali na kichwa, na hicho ndicho kinachotupa matumaini. "Muangalie maji, mama. Mpaka mvua ya kwanza. Kama mvua inakuja na mutoto anakunywa vizuri, mushukuru Mungu. Kama siku moja anakataa kikopo, hakuna dawa tena, musinikimbilie. Mubaki naye tu."

Toka hapo nyumba nzima iliangalia maji. Mputu alipokwenda kwenye mtungi, mama aliacha kufagia. Esdras aliacha kuongea. Baba alishusha gazeti. Mtoto akaona macho yale, akaanza kukwepa. Akawa anakwenda kunywa kwa jirani, kimya kimya. Na mama akiona mtungi haujapungua alikuwa anakaa chini nyuma ya nyumba, kichwa katikati ya magoti, mpaka jirani amwambie mtoto amekunywa kwake.

Mezani, siku ya kwanza baada ya sindano kwisha, watoto walisimama nyuma ya viti kwa mazoea. Banza akawaambia wakae, wale. Wakakaa. Miaka yote walikuwa wanasema sentensi pale, na hakuna aliyewahi kusimulia siku yake ilikuwaje. Walikula na kusikia meno yao wenyewe.

Mama Esdras alimaliza tonge lake, akaosha vidole.

"Banza, fundisha minyi."

"Nikufundishe nini?"

"Kifaransa. Hapana yote. Fundisha minyi namna ya kuuliza kama kintu ni kweli."

Banza alikwenda chumbani, akarudi na kitabu cha mgongo wa uzi. Habari ya maswali ilikuwa mbele kabisa ya mahali alipozoea kufungua. Kurasa zake zilikuwa bado safi. Akamwonyesha mke wake neno gani linatangulia, sauti inapanda wapi. Alikuwa mwalimu mvumilivu kuliko watoto walivyomjua. Kitabu chenyewe hakikuwa na hatia. Kilikuwa na lile swali ndani yake toka zamani, na hakuna aliyelitumia.

Mama alilibeba swali hilo kwenye sufuria, kisimani, njia ya soko, akalisema peke yake kama mtu anayesali. Kisha akalileta mezani. Esdras aliposema tena kwa kuchokoza kwamba mfalme amepoteza farasi wake, mama akageuka kwenye kiti chake kifupi.

"Est-ce que c'est vrai?"

"Hapana, mama."

"Bon. Kula."

*

Mvua ya kwanza ilikuja na upepo, jioni, wakati wa chakula. Ilipiga bati kwa nguvu, maji yakaanza kutiririka kwenye mfereji wa mlangoni, na harufu ya udongo ikaingia ndani. Wote walikumbuka neno la Mukendi. Mama aliweka bukari mezani, akabaki amesimama. Banza alikuwa anatazama mikono yake. Mputu alikula matonge machache ya sombe yenye pilipili nyingi, akaacha.

Kisha, bila kusimama, bila kushika kiti, akasema kwa Kifaransa:

"Papa, donner moi l'eau."

Alikuwa anaomba maji, na sentensi ilikuwa mbaya. Kitenzi kilikuwa kimelala tu kama alivyokitoa kitabuni, na mwaka mmoja mapema isingepita hata mlango wa meza ile. Esdras alimtazama baba. Midomo ya Banza ilifunguka, kwa mazoea tu, ikafumba.

Mama ndiye aliyeuliza. Sauti yake haikupanda mahali inapopaswa kupanda.

"Est-ce que c'est vrai?"

"Ni kweli, mama. Niko na kiu."

Banza akasimama. Katika nyumba ile baba hakuwahi kuondoka mezani kuchota maji. Hata watoto wadogo walijua hiyo si kazi yake. Alikwenda kwenye mtungi, akajaza kikopo mpaka juu, maji yakamwagika kwenye kiatu. Akampa kwa mikono miwili.

Mputu alikipokea. Aliona wote wanamwangalia, na safari hii hakugeuka. Akanywa. Wakasikia koo lake linafanya kazi, juu ya sauti yote ya mvua. Akanywa mpaka kikopo kikaelekea dari, akakirudisha mezani, akajifuta mdomo.

"Encore," akasema, akamsogezea baba kikopo.